Majina Matatu ya Ugonjwa Wangu

Kwa miaka 26 nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na kila Januari kazi yangu ya kwanza ni kuandika majina ya wanafunzi wapya kwenye daftari la mahudhurio. Jina moja halitoshi. Mzazi akiniambia mwanawe anaitwa Juma, ninamuuliza Juma nani. Akinijibu Juma Hamisi, ninamuuliza tena Juma Hamisi nani, kwa sababu darasani kwangu wamewahi kukaa Juma Hamisi wawili, mmoja wao akiwa na pumu, na siku alipobanwa kifua aliitwa mzazi wa yule mwingine. Tangu siku hiyo simwandiki mtoto mpaka majina yake matatu yatimie.

Mwezi Julai mwaka huu, daktari aliponiambia kwamba nina saratani ya mapafu, nilidhani nimekwisha kuambiwa kila kitu. Neno lile lilinijaa kichwani, hata yaliyofuata sikuyasikia. Binti yangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, ndiye aliyeyasikia na kuyaandika: kwamba bado haijajulikana ni saratani ya aina gani, imefikia wapi, na imebeba alama gani ndani yake, na kwamba tiba haitaanza mpaka mambo hayo yajulikane. Nilipoyasoma usiku ule kwenye kaunta buku lake nilikasirika. Nilitaka dripu, nilitaka vidonge, nilitaka mtu aanze kufanya chochote kesho yake asubuhi. Zilipita siku kadhaa ndipo nikaelewa kwamba daktari yule alikuwa akifanya kile ninachokifanya mimi kila Januari. Alikuwa amekataa kuandika jina moja.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyepewa habari hii wiki hii, na kwa ajili ya yule anayekesha naye, kwa sababu wiki zile za kusubiri ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote kwangu, na ndizo ambazo watu wengi, kwa mapenzi mema kabisa, walinisukuma nifanye haraka.

Kikohozi kilianza Februari. Kilikuwa kikavu, na kwa kuwa ninafundisha kwa chaki, nikailaumu chaki. Kufikia Aprili nguo zilikuwa zinanipwaya, bega la kulia lilikuwa linauma usiku, na kile kilima kifupi cha kuelekea nyumbani Kimara nilikuwa nikikipanda kwa kusimama mara tatu. Kwenye kituo cha afya nilichokwenda kwanza walipima makohozi yangu mara mbili, na mara zote mbili hawakuona vimelea vya kifua kikuu. Lakini picha ya eksirei ilionyesha kivuli upande wa kulia, nikaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Kuanzishiwa kwenyewe hakunipi uchungu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, dalili za magonjwa haya mawili zinafanana sana, na yapo makohozi yasiyoonyesha vimelea ilhali mgonjwa anaumwa kweli. Kinachoniuma ni kwamba niliendelea kuzimeza kwa zaidi ya miezi miwili huku nikizidi kukonda, na kila nilipokwenda kuchukua dawa nilihesabiwa vidonge bila mtu kuniuliza kama ninapata nafuu. Ukiwa umeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila maabara kuthibitisha, na mwezi wa pili unakwisha kifua kikiwa vilevile, rudi kwa daktari, umwambie wazi kwamba hupati nafuu, na uombe uchunguzi zaidi wa kifua. Ningeambiwa hivyo Mei, huenda ningekuwa ninaandika mambo tofauti.

Mwisho ni pumzi iliyonipeleka hospitali kubwa, kwa sababu nilikuwa siwezi tena kulala chali. Kumbe pafu la kulia lilikuwa limezungukwa na maji. Niliketishwa ukingoni mwa kitanda, nikaelekezwa niinamie meza ndogo iliyowekewa mto na niukumbatie mto ule, daktari akanichoma sindano ya ganzi mgongoni katikati ya mbavu, kisha nikahisi kitu kama kidole kikinisukuma kutoka nyuma. Maji yakaanza kuteremka kwenye mrija hadi kwenye chupa, yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na muuguzi akawa anaisoma chupa kwa sauti: mia tano, elfu moja, elfu moja na mia mbili. Yalipofika lita moja na nusu waliufunga mrija ingawa hayakuwa yamekwisha, kwa kuwa maji yakitolewa mengi mno kwa mkupuo, pafu lililokuwa limebanwa hufunguka kwa kasi na linaweza lenyewe kujaa maji. Nikavuta pumzi. Ilishuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika kwa miezi mitatu, nikalia, na muuguzi akadhani nimeumia.

Yale maji ndiyo yaliyotoa jina la kwanza, yaani aina. Saratani za mapafu hugawanywa kwanza katika makundi mawili kwa jinsi seli zake zinavyoonekana kwenye hadubini. Kundi la seli ndogo, ambalo ni takriban wagonjwa 15 katika kila 100, hukua kwa kasi, husambaa mapema, huitikia tibakemikali (dawa kali za kuua seli za saratani) na mionzi haraka lakini hurudi mara nyingi, na kwa kawaida si ugonjwa wa kupelekwa chumba cha upasuaji. Kundi la pili, lenye wagonjwa wote waliobaki, lina matawi yake, na makubwa ni mawili: saratani ya seli bapa, inayoanzia kwenye utando wa njia za hewa na yenye uhusiano mkubwa na sigara, na adenokasinoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu, na ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kwa watu wasiowahi kuvuta. Yangu ilikuwa adenokasinoma. Seli zilizokuwa kwenye maji zilitosha kutoa jina hilo, lakini hazikutosha kwa vipimo vya mbele, hivyo nikalazimika kurudi kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kwa sindano ndefu iliyoongozwa na mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili. Kama ningelijua, ningelimwomba daktari mapema kwamba atakapochukua kinyama achukue cha kutosha kwa vipimo vyote, kwa sababu kurudia kunaumiza, kunagharimu, na kunakula wiki nyingine.

Jina la pili ni hatua, na hili nilielezwa kwa kuchorewa. Daktari bingwa aligeuza karatasi ya maombi ya vipimo, akachora mapafu mawili kwa kalamu ya bluu, la kulia akaligawa sehemu tatu na la kushoto sehemu mbili, kwa kuwa ndivyo yalivyo, moyo ukiwa umechukua nafasi upande ule. Katika hatua ya 1 uvimbe uko ndani ya pafu peke yake. Katika hatua ya 2 umekua au umefika kwenye tezi zilizo karibu, ndani ya pafu hilohilo. Katika hatua ya 3, mara nyingi umefika kwenye tezi za katikati ya kifua, palipo na koo la hewa na mishipa mikubwa. Katika hatua ya 4 umevuka mipaka hiyo, umekwenda kwenye pafu la pili, mifupa, ini, ubongo, au tezi zilizo juu ya figo.

Mimi nilijihesabia hatua ya 3, maana picha za CT hazikuonyesha kitu kwenye ini wala mifupa, na kipimo cha MRI cha kichwa, ambacho hufanywa kwa sababu saratani ya mapafu ina tabia ya kwenda kwenye ubongo, kilirudi safi. Daktari akachora mstari wa mawimbi chini ya pafu la kulia. Yalikuwa yale maji. Maji yaliyozunguka pafu yakikutwa na seli za saratani, hayo peke yake yanatosha kuuweka ugonjwa katika hatua ya 4, hata kama hakuna kiungo kingine kilichoguswa. Niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Ninayo bado, imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na picha ya eksirei ya kwanza.

Namba hiyo ndiyo inayoamua tiba ina kusudi gani, na ninaona ni haki ya mgonjwa kuelezwa kusudi kabla ya kuelezwa dawa. Hatua ya 1 na ya 2, mwili ukiruhusu, upasuaji wa kuondoa sehemu ya pafu unaweza kuung'oa ugonjwa wote. Katika hatua ya 3 wengi hupewa mionzi na tibakemikali kwa pamoja, mionzi siku tano kila wiki kwa muda wa wiki sita hivi, bado kwa nia ya kuponya. Katika hatua ya 4 hutafutwa dawa inayozunguka mwili mzima, na nia ni kuuzuia ugonjwa, kurefusha maisha na kupunguza mateso. Mionzi hapo hutumika mahali penye maumivu au damu, wakati mwingine kwa dozi moja tu. Nilimuuliza daktari kama nitapona. Hakuzunguka. Alisema, "Hautaondoka, mama, lakini tunaweza kuuzuia, na kwa muda gani nitajua zaidi nikishapata majibu yaliyobaki." Nilimshukuru kwa jibu lile na bado ninamshukuru, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu alichoniambia nilikiamini.

Majibu yaliyobaki ndiyo jina la tatu, la ukoo, yaani alama za jeni. Kipande cha kinyama changu kilisafirishwa nje ya nchi, na kusubiri kulichukua wiki nne.

Jumapili ya pili ya wiki hizo ndugu walikuja nyumbani kwa kikao. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa kiwanja chetu cha Kibaha, na alitaka niondoke kwenda India ndani ya siku kumi. Wifi yangu alikuja na mfuko wa majani ya mstafeli yaliyokaushwa. Mjomba aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, kama mume wangu aliwahi kuvuta sigara, kwa kuwa mimi anajua sijawahi. Wote walikuwa wakinipenda. Hilo sikulisahau hata dakika moja. Niliwaambia nitajibu mmoja mmoja, kama ninavyofanya darasani.

Kwa kaka nilisema kwamba hospitali yoyote duniani, ya hapa au ya India, itaanza kwa kuuliza majina yaleyale matatu, na kwamba kiwanja kikiuzwa leo ili kulipia vipimo ambavyo tayari vimefanyika, kesho dawa itanunuliwa kwa nini? Alinyamaza, kisha akauliza tutakapoyapata majina yote matatu kama atauza. Nilimwambia hapo tutakaa tena. Kwa wifi nilisema ukweli nilioupata kwa daktari: majani yale hayajathibitishwa kutibu saratani ya mapafu kwa binadamu, na kitu chochote cha mitishamba kinaweza kulielemea ini au kuvuruga kiwango cha dawa kwenye damu. Nilimwomba badala yake awe ananipikia uji wa lishe asubuhi za Jumamosi, na hajakosa Jumamosi hata moja.

Kwa mjomba nilijibu kwamba mume wangu havuti. Lakini swali lake lilinikaa moyoni, kwa sababu ni swali nililoulizwa na karibu kila mtu, na kila mara nilijikuta nikikimbilia kusema sijavuta, kana kwamba aliyevuta anastahili. Nilijifunza aibu ya jambo hili kwenye benchi la Taasisi ya Saratani Ocean Road, nilipokuwa nikisubiri kuonana na daktari, nikikaa karibu na baba mmoja kutoka Lindi aliyefikia kwa mwanawe Mbagala. Alikuwa na saratani ya seli bapa, hatua ya 3, na alikuwa amekwisha kupigwa mionzi mara 18 kati ya 30. Alivuta kwa zaidi ya miaka 30. Aliniambia kwamba nyumbani kwao amesema ana uvimbe tu, kwa kuwa akisema mapafu wataacha kumhurumia. Sigara ni chanzo kikuu cha ugonjwa huu duniani, hilo halina ubishi, na kuiacha kunasaidia hata baada ya kugundulika, kwa kuwa tiba hufanya kazi vizuri zaidi kwa aliyeacha. Ila mtu anayekohoa damu hahitaji hukumu ya ndugu zake juu ya kikohozi chake.

Nilimuuliza daktari kuhusu moshi, maana nilikulia Muheza nikipuliza kuni jikoni kwa mama tangu nikiwa na miaka saba, kisha nikapikia mkaa mjini kwa miaka mingi. Alieleza kwamba wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka moshi wa kuni za nyumbani katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2013 ukaiweka hewa chafu ya nje katika kundi la vile vilivyothibitishwa, lakini kwa mtu mmoja mmoja hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha kwamba ni moshi uleule. Nilitaka sana kupewa sababu. Sikupewa, na nikaona heri, kuliko kumkumbuka mama yangu na jiko lake kwa uchungu.

Usiku ulikuwa jambo jingine. Mchana kuna watoto, kuna madaftari ya kusahihisha, kuna wanaopiga simu. Saa nane za usiku hakuna kitu. Nilizuia simu chumbani, kwa kuwa nilikuwa nikisoma mambo ya wagonjwa wenye aina nyingine kabisa ya saratani na kulala nikiwa nimezikwa. Binti yangu akapewa kazi ya kupokea simu za pole na kutoa habari, ili nisilazimike kuisimulia hadithi hiyohiyo mara sita kwa siku. Tuliweka kanuni ya maswali mawili: kabla ya kila siku ya kliniki tunaandika kwenye kaunta buku maswali mawili tu, tunayoyahitaji kuliko yote, na hatuondoki mbele ya daktari mpaka yote mawili yajibiwe na majibu yaandikwe. Mwalimu mkuu aliniondolea vipindi vya mchana. Na kwa muuguzi wa ushauri nasaha nilikwenda mara tatu, jambo ambalo mwanzoni nililiona ni la watu dhaifu. Mara ya pili ndipo nilipoweza kusema kwa mdomo wangu kwamba ninaogopa kufa kabla kitinda mimba wangu hajamaliza kidato cha nne.

Majibu yalifika katikati ya Septemba. Jina la tatu lilikuwa EGFR, mabadiliko kwenye kifungu cha 19 cha jeni yenye jina hilo.

Jeni hiyo hutengeneza protini, nayo huitwa EGFR, iliyoko kwenye uso wa seli, kazi yake ni kupokea amri ya kukua. Ifikirie koki ya bomba: hufunguliwa, maji yakatoka, ikafungwa. Kwenye saratani yangu koki imekwama ikiwa wazi, na seli zinaambiwa zikue usiku na mchana. Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba wagonjwa wenye mabadiliko haya ndio ambao vidonge fulani vinavyoziba koki hiyo huwafanyia kazi kwa namna ya kushangaza. Uthibitisho mkubwa ulikuja mwaka 2009, katika utafiti wa wagonjwa 1,217 wa Asia Mashariki, waliogawanywa, wengine wakapewa kidonge cha gefitinibu na wengine tibakemikali ya dripu. Kati ya waliokuwa na mabadiliko ya EGFR, uvimbe ulisinyaa kwa wagonjwa 71 katika kila 100 waliomeza kidonge, dhidi ya 47 waliopata dripu. Kwa wasiokuwa na mabadiliko hayo, kidonge kilimsaidia mgonjwa mmoja tu katika kila 100, ilhali dripu iliwasaidia zaidi ya 23. Kidonge ni kilekile, hatua inaweza kuwa ileile, aina ileile. Ningelianza Julai, kwa haraka niliyokuwa nayo, ningelianza kwa kubahatisha.

Mezani palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa tibakemikali, karboplatini pamoja na pemetreksedi, dripu kila baada ya siku 21, ambayo daktari alisema ni afadhali iwekwe akiba. Ya pili ilikuwa gefitinibu, kidonge kimoja cha miligramu 250 kwa siku. Ya tatu ilikuwa osimertinibu, kidonge kipya zaidi, kinachoingia vizuri zaidi kwenye ubongo. Katika utafiti uliozilinganisha dawa hizi, nusu ya wagonjwa wa osimertinibu walikaa angalau miezi 18.9 bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya miezi 10.2 kwa waliotumia gefitinibu au ndugu yake. Daktari hakuficha kwamba, bila suala la fedha, angenipa ya tatu. Lakini bei ya mwezi mmoja ilikuwa zaidi ya mshahara wangu mara kadhaa, na bima yangu, niliyoiuliza kwa barua ili nijibiwe kwa barua, haikuigharamia.

Kikao cha pili cha ndugu kilikuwa kifupi. Kiwanja kingenunua miezi michache ya osimertinibu, kisha ningekatiza. Gefitinibu inayotengenezwa na viwanda vya India tungeweza kuinunua kila mwezi, kwa michango, bila kukosa. Daktari aliongeza jambo lililonisaidia kuamua: kwa takriban nusu ya wagonjwa ambao gefitinibu inafikia kushindwa, saratani huwa imeota alama mpya, na alama hiyo ndiyo ambayo osimertinibu huiweza. Kwa hiyo kiwanja kinabaki Kibaha, kikisubiri siku hiyo. Najua wapo watakaosoma na kuona tulikosea. Nimeyaeleza mahesabu yetu yote ili anayetaka kufanya ya kwake aone tulianzia wapi.

Kabla ya kidonge cha kwanza daktari aliniuliza tena na tena ni lini hasa nilimeza dawa ya mwisho ya kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huliamsha ini kuivunja gefitinibu kwa kasi, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kumeza kila siku na dawa isimfae. Nilihakikishiwa kwamba imekwisha kutoka mwilini. Niliambiwa pia nisimeze omeprazoli ya kiungulia bila kumuuliza, kwa kuwa gefitinibu inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke vizuri. Mambo haya hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, na mtu asiyesema anatumia nini hawezi kukingwa nayo.

Wiki ya pili nilitoka vipele usoni na kifuani kama chunusi za msichana wa kidato cha kwanza, na kuharisha kwa siku nne. Ngozi za pembeni mwa kucha zinapasuka, na chaki inaziuma, kwa hiyo ninafundisha nikiwa nimevaa glovu nyembamba mkono wa kulia. Watoto waliuliza mara moja, nikawajibu, hawakuuliza tena. Jambo ninalotakiwa kukimbilia hospitali bila kungoja kliniki ni pumzi kubanwa ghafla, kwa sababu dawa hii mara chache huunguza mapafu yenyewe. Wenzangu wa dripu wana onyo lao: homa ya nyuzi 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, ni dharura hata kama ni usiku, maana chembe nyeupe za damu zinakuwa zimeshuka.

Niliandikiwa pia kliniki ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso, na kaka yangu aliposikia alikuja mbio akidhani nimekatiwa tamaa. Kwa wengi wetu neno hilo ni la siku za mwisho. Nilimsimulia utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliopewa tiba shufaa mapema pamoja na tiba ya kawaida walipatwa na huzuni pungufu, na waliishi kwa wastani miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao. Bega langu sasa linatulizwa na morfini ya maji, mililita chache ninazopima kwa sirinji ndogo, asubuhi nikipakia mabegi ya madaftari kwa mkono uleule ambao mwezi Juni ulikuwa haufungi vifungo vya blauzi.

Daftari la mahudhurio la mwaka juzi lilibaki na kurasa tupu. Nimeandika juu yake majina matatu, adenokasinoma, hatua ya 4, EGFR kifungu cha 19, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nikishameza kidonge ninaweka alama ya vema mbele yake. Leo zimefika 58. Jumanne ijayo nitapigwa picha ya CT ya kulinganishwa na ile ya Julai. Binti yangu amekwisha kuandika swali la kwanza, uvimbe umesinyaa kwa kiasi gani, na nafasi ya swali la pili ameiacha wazi. Anasema nitaijaza mwenyewe ndani ya mwendokasi, kati ya Kimara na Kivukoni.